Rudi Si Jina la Sabuni

Jumatatu, 6 Mei 1996
Maandishi ya katoni za biskuti tena. Kutwa nzima mbele ya kompyuta, nikinyoosha herufi zisizo na uhai. Kutoka kiwandani Baba Dogo hadi nyumbani Kaloleni kwa miguu, magoti yamekwisha. Mama alikuwa ameshapika. Tukaweka kanda ya rumba ya marehemu Baba. Nikachukua brashi na wino, nikaandika neno moja la kiitikio: Rudi. Kujifurahisha tu. R imetoka na mkia unaojikunja kama gitaa linavyopanda. Nimecheka peke yangu. Kitambo sijacheka.

Jumanne, 7 Mei
Rudi tena, karatasi kwa karatasi. Hakuna bosi, hakuna rula. Mwimbaji anaivuta ile u, nami naivuta mpaka brashi inakauka. Mama alitazama akasema, "Hiyo inasikika, mwanangu." Kazini sijawahi kusifiwa hivyo.

Alhamisi, 9 Mei
Mjinga mimi. Nilibeba karatasi moja nimwonyeshe Wanza, mwenzangu wa meza ya pili. Bosi akapita, akaichukua.
"Yule mteja wetu wa sabuni anatafuta jina. Si hili hapa! Rudi! Watu warudi dukani."
Nilikuwa nimechoka hata kubisha. Nikaitikia.

Ijumaa, 10 Mei
Anataka R inenepe. Mkia ukatwe, unakula nafasi. Juu ya i anataka povu. Nimechora na kuchora. Jioni Mama aliweka kanda, nikamwomba azime. Nilikuwa nasikia sabuni. Alizima, akaingia kulala na jua bado lipo.
Baba alikuwa akimwimbia wimbo huo jikoni. Neno lao nimeligawa bila kumwuliza. Najichukia.

Jumatatu, 13 Mei
Nimeingia kwa bosi kabla ya chai.
"Bosi, naomba karatasi yangu."
"Mwende, hiyo ni kazi ya kampuni."
"Nimeichora nyumbani, kwa wino wangu. Nitakuchorea jina lingine lolote. Hili hapana."
Alinitazama sana. Akasema kama nina nguvu za kuchagua kazi, basi ninazo za kubandika maboksi kwa gundi kule chini, mpaka nishike adabu. Nikasema sawa. Akaitupa karatasi sakafuni. Nikaiokota.
Sijamwambia Mama.

Jumatano, 15 Mei
Gundi. Kwenye kucha, kwenye nywele, hata uji unanuka gundi. Mgongo si wangu tena. Wanza amepewa meza yangu, ananikwepa macho. Simlaumu. Nimelia chooni kwa uchovu.
Mama aliona mikono yangu. Nikamweleza yote, sabuni na povu na yote. Akanichemshia maji, akanisugua vidole kimoja kimoja kama mtoto.
"Ungeniuliza," akasema.
"Najua, Mama."
Basi.

Jumapili, 19 Mei
Kanisani sikwenda. Sikuchora. Nimelala mpaka alasiri. Nilipoamka kanda ilikuwa inaimba Rudi, sauti chini kabisa. Mama yuko katikati ya chumba, peku, macho amefumba. Mkono mmoja kiunoni, mwingine ameuinua pale ambapo bega la Baba lingekuwa. Anacheza polepole.
Nimetulia vilevile kitandani, nisimkatize.