Chakula cha Radi, Tangu Ulipotuacha

Mjomba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia, Mama angenifinya. Basi nimekuamkia, nimeinua kalamu kidogo kama ninayengoja marahaba yako, na sasa naendelea.

Tumehama. Ulipofariki tulikuwa bado kule juu mlimani, nyumba yako na yetu tu, na migomba katikati. Sasa tuko kijijini, nyumba zimepangwa kwa mistari, na jirani akikohoa tunamsikia. Shule iko karibu, sitembei tena kwenye ukungu na viatu mkononi. Zahanati inajengwa, kuta zimefika kwenye madirisha. Yapo mazuri, Mjomba, sikufichi. Mama hajambo, ila akianza kusema "kaka yangu" hamalizi. Lakini ninachotaka kukueleza ni habari za Radi, maana ndiye uliyeniachia, na karibu nimpoteze.

Nakumbuka ulivyokuwa umelala kwenye kile kitanda cha kamba, sauti imekuwa nyembamba, ukasema, "Ruthi, mbwa huyu mlishe wewe. Wengine watamtupia tu." Nikasema ndiyo. Nilidhani nimeelewa.

Kule juu Radi alikuwa na mlima mzima wa kukimbia. Huku ana uwanja wa hatua kumi. Akisikia miguu ya mwanamume njiani, anatoka kama jiwe lililorushwa, anasimama kwa miguu miwili, anamwekea mtu mikono kifuani na kumnusa usoni. Haumi. Anatazama tu ni nani, halafu anashuka. Nadhani unajua anamtafuta nani. Mimi nilijua, lakini watu wa hapa waliona mbwa mwenye wazimu.

Ijumaa moja alimrukia Mzee Salimu. Unamkumbuka, yule mliyekuwa mkilinda naye mahindi dhidi ya ngedere. Nyumba yake sasa ni ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa anakwenda msikitini, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Radi akamwachia alama mbili za matope kifuani na mate mkononi. Mzee Salimu hakutukana. Aliitazama kanzu yake, akageuka, akarudi nyumbani kujitwaharisha upya, na sala ya Ijumaa ikampita. Mjomba, bora angenitukana.

Jioni ile akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Zakaria. Alikataa kiti. Akasema, "Mama Ruthi, hapa si porini tena. Maharage ya kijiji yakiisha kuvunwa na mbwa huyu hajatulia, namwita mgambo aje na bunduki." Mama akasema, "Tumesikia, Mzee." Alipoondoka, Mama akanigeukia mimi. "Umesikia?"

Nilisikia. Sikula.

Kuanzia siku ile kila mtu alikuwa na shauri, na yote yalihusu chakula. Vijana wa mgambo walisema nimtilie pilipili kwenye ugali, awe mkali aache mchezo. Nikawaambia mkali ndiye atakayepigwa risasi haraka zaidi. Wakacheka wakaniita mwalimu. Mama alisema nimpunguzie. "Anashiba mno. Na mimi ningeshibishwa hivyo bila kulima ningeruka."

Nami nikaenda kutafuta jibu kwenye daftari langu la sayansi. Mwalimu alikuwa ametufundisha vyakula vya aina tatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kulinda mwili. Nimeviandika kwa mwandiko mzuri, na mistari nimepiga kwa rula. Nikakaa nikafikiri. Radi ana nguvu nyingi mno. Nguvu zinatokana na vyakula vya kutia nguvu. Basi nikiviondoa, nguvu zitaondoka. Niliona nimepata jibu ambalo kijiji kizima hakina. Nilijivuna, Mjomba.

Nikamwondolea ugali, nikamwondolea pumba na viazi. Nikawa nampa maharage machache ya kuchemsha, dagaa wawili watatu, na mboga chungu ya mchunga kwa ajili ya kulinda mwili. Mchunga aliuchukua jani moja, akalinusa, akaja kuliweka juu ya mguu wangu kwa adabu kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikageuka nikuambie, kama nilivyozoea. Ulipokuwa ukikaa palikuwa na jembe tu.

Baada ya siku chache mbavu zake zilianza kuonekana. Hakulala. Alizunguka nyumba akinung'unika, akatafuna kamba ya ndoo, akazidi kuwarukia watu. Na mimi, badala ya kumtazama mbwa, nilitazama daftari. Nikasema, kumbe bado zimebaki nguvu kidogo. Nikampunguzia zaidi.

Nisamehe. Nimeiandika sentensi hii mara mbili na kuifuta, sasa nimeiacha.

Maharage yakaanza kuvunwa. Tulikwenda shuleni asubuhi na shamba la kijiji mchana, tukayang'oa na kuyapanga juani, na kila mzigo niliobeba kichwani nilikuwa najua unazipunguza siku za Radi. Wenzangu waliimba. Mimi nilitamani mvua.

Siku moja nimerudi tu na kumfunga Radi, nikasikia hodi kutoka mbali. Ni Mzee Salimu, amesimama nje kabisa ya uwanja, fimbo mkononi, kanzu ameishika juu ya magoti. Nikajua kuku wake wameliwa. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mbwa wako amefungwa?"

"Amefungwa, Babu."

"Mfunge tena. Kaingia kwangu. Kuku sita na vifaranga, hakumgusa hata mmoja. Kawasukuma kwa mabega, kala pumba zao. Pumba, Ruthi! Mbwa gani anaacha kuku anakula chakula cha kuku?" Akanitazama. "Wewe unamlisha nini?"

Nikamwambia. Nikamletea na daftari aone. Alilisoma polepole, akiwa ameliweka mbali na macho, halafu akalirudisha.

"Aliyekufundisha haya hakukosea," akasema. "Alikuwa anakufundisha habari ya kushiba, siyo ya kunyima. Huyu haruki kwa nguvu sasa, anaruka kwa njaa."

Kisha akanieleza ulivyokuwa ukimlisha. Mimi, niliyekaa karibu nawe miaka yote, nilikuwa nakumbuka ulichompa tu, sikukumbuka ulivyompa. Yeye alikumbuka. Pumba za mahindi zilizochemshwa mpaka zikawa nzito, kiganja cha dagaa ndani, zikapoa kabisa kwa sababu chakula cha moto ulisema kinamtia haraka. Asubuhi kabla ya kwenda shambani, na jioni mkirudi, hukuruka hata siku moja. Na ulikuwa huweki bakuli chini mpaka alale. Akiruka, unalishika bakuli, unatazama milima. "Mjomba wako alikuwa na subira ya mawe," Mzee Salimu akasema. "Mimi uji wangu unapoa, yeye anamngoja mbwa." Akacheka. Na yeye anakukumbuka, Mjomba.

Alipokuwa anaondoka akageuka. "Chakula kitamtuliza nusu. Nusu nyingine ni miguu yake. Ukitoka shule mlete shambani afukuze ngedere. Lakini usinisogezee. Mimi nitakaa upande wangu."

Basi nikaanza. Jioni ya kwanza nililishika bakuli mpaka mikono ikachoka. Radi aliruka, alilia, alizunguka. Nikatazama milima. Ukungu ulikuwa unashuka upande wa Mponde. Niliposikia kimya nikatazama chini, na alikuwa amelala, kidevu ardhini. Nikaliweka. Alikula taratibu, hakumeza kama mwizi. Kesho yake asubuhi tena, na jioni tena, saa zile zile. Mchana anafukuza ngedere mpaka ulimi unaning'inia, na Mzee Salimu upande wa pili wa shamba anampigia kelele kumwelekeza, kama vile kelele haina unajisi.

Maharage yaliisha kuvunwa. Mzee Zakaria akaja, na nyuma yake kijana wa mgambo na bunduki begani. Mama akasimama mlangoni. Radi alikuwa amekula, amelala karibu na jiko. Mzee Zakaria akaingia uwanjani akikanyaga kwa nguvu makusudi. Radi akainua kichwa, akamtazama, akakilaza tena.

"Huyu ni yule yule?"

"Ndiye."

"Mmempa dawa gani?"

"Pumba," Mama akasema.

Mzee Zakaria akacheka mpaka yule kijana naye akacheka, wakanywa uji wakaenda zao. Mama alinikumbatia, na hilo unajua si jambo lake.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Sikulia kwa furaha peke yake, na wewe tu ndiye ninayeweza kukuambia. Zamani kila mwanamume aliyepita njiani, Radi alitoka mbio kuhakikisha kama ni wewe. Palikuwa na mtu mmoja nyumbani ambaye bado alikuwa anakutegemea urudi. Sasa anainua kichwa na kukilaza. Mimi ndiye niliyemtuliza, kwa mikono yangu, kwa bakuli, asubuhi na jioni.

Mtihani wa darasa la saba umekaribia. Nikifaulu, nataka siku moja nisome mambo ya mifugo. Nimekwisha kumfundisha Mama kulishika bakuli, ingawa yeye hana subira ya mawe, anamwambia Radi, "Lala basi, nina kazi." Analala. Nakuahidi hatakosa chakula chake, niwe hapa au niwe mbali, wala sitamlisha tena kwa kutazama daftari bila kumtazama yeye.

Pumzika, Mjomba wangu. Radi amelala. Mtu akipita njiani, nitainua kichwa mimi.

Mpwa wako,
Ruthi