Tumbo la Mashua ya Baba

Kali, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Luka

Mdogo wangu mpendwa Grgo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua kimeacha kukusumbua huko Rijeka kwenye mvua isiyokatika. Sisi hatujambo. Kaburi la Mama nimelisafisha na kuliwekea maua. Zeituni mwaka huu ni haba, lakini Baba anakula vizuri.

Najua unangoja kusikia ilikuwaje kwa rangi yako. Mashua tuliipandisha nchi kavu Jumamosi ile, na wazee wote wa bandari walikuja kutazama, maana tangu Pasaka uliwaimbia kwamba rangi hii haina sumu wala haiui kitu: inateleza tu, na mashua ikitembea kila siku uchafu unaporomoka wenyewe. Kreni ilipoiinua, tumbo lake lilikuwa na ndevu. Kome, majani, viganda vigumu vya kukata kiganja. Walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Mzee wetu Barba Krševan alimwambia Baba asihangaike kuisugua, atie vitunguu na divai aipike hivyohivyo. Mwingine akasema kumbe kijana alikwenda chuo kikuu kusomea ufugaji wa kome. Baba naye akacheka nao. Akasema mwanawe tangu utotoni alikuwa wa kuteleza tu, hakuna kazi iliyowahi kumshika.

Yule bibi wa taasisi, aliyekuja kuamua kama bandari nzima iache ile rangi ya zamani yenye sumu ya shaba, hakucheka. Alimwuliza Baba kama kweli mashua ilitoka kila siku. Baba akaapa kwa kaburi la Mama. Yaliyofuata unayajua: karakana yenu ya rangi imekataliwa, na wewe umeachishwa kazi.

Grgo, mashua haikutoka. Tangu ulipoipaka ukaondoka, kamba yake haikufunguliwa kule ghuba ya nyuma. Baba haoni. Hata kikombe chake anakitafuta kwa vidole. Alfajiri anavaa mabuti, anashuka kwa kupapasa ukuta hadi banda la Krševan, anakaa kusikiliza redio, na wavuvi wakirudi kila mmoja anamtilia samaki wawili watatu ndooni. Ananiletea, ananisimulia bahari ilivyochafuka. Samaki wengine wamekwisha kutumbuliwa kwa mkato usio wake, nami nawakaanga na kumwambia leo amebahatika.

Wote waliokucheka walijua. Asubuhi ile, kabla bibi hajafika, Krševan alijitosa majini ghubani na kuisugua rafadha ya injini mpaka ikang'aa, isije ikaonekana kwamba haijazunguka. Kisha akaileta mashua yeye mwenyewe, Baba kasimama mbele akiwapungia watu mkono.

Ndoo ya sabuni niliishika mimi. Na bibi aliponigeukia kuniuliza, nilimjibu, "Kila siku, bibi, hata Jumapili." Hakuna aliyenilazimisha. Nilipima. Wewe ni kijana, una macho, utapata kazi nyingine. Baba akinyang'anywa leseni ya uvuvi atabaki na kiti na dirisha asiloliona, na mimi humo ndani pamoja naye mpaka mmoja wetu afe. Uliponiachia mzee huyu hukuniuliza, basi na mimi sikukuuliza.

Rangi yako ni nzuri, nakuambia wewe tu. Watu walipoondoka nilijaribu kubandua kome kwa kidole, wakatoka kama ganda la yai la kuchemsha, na chini yake palikuwa safi kama siku uliyopaka. Ukimwonyesha mtu barua hii, nitakana kuwa mwandiko ni wangu, na kijiji kizima cha Kali kitaniunga mkono.

Barba Krševan na wenzake wanakusalimu sana. Nimekuwekea tini kavu na soksi za sufu. Baba anasema amekusamehe aibu uliyomtia mbele ya wenzake, na Pasaka uje na kopo la rangi ya shaba uipake mashua upya, maana yeye mgongo unamsumbua. Ukija, mshukuru.

Dada yako akupendaye,
Tonka