Mama Petrona Ixcoy, Jiwe Limesema

Mwaka umetimia, Mama, tangu moto wa jiko lako hapa Momostenango uanze kuwashwa na mikono mingine. Moshi tumeuzoea. Kukukosa bado hatujazoea.

Ulikuwa mwepesi wa kutoa na mwepesi wa kutania. Mgeni hakuondoka kwako na njaa, wala hakuondoka bila jina la utani.

Ukianza kuosha mahindi yaliyolala kwenye maji ya chokaa ili yalainike, tulijua hadithi inakuja: watu wa udongo walioyeyuka kwa mvua, kisha watu wa mti wasio na moyo, hadi vyombo vyao wenyewe vikawageuka. Hapo kila mmoja wetu aliigiza chombo kimoja na kusema maneno yake. Baba alikuwa chungu. Sehemu ya jiwe la kusagia ilikuwa ya kaka yako, Mjomba Baltazar, tangu utoto wenu.

Wajukuu walipozaliwa mjini na kukua bila kujua Kikiche, lugha yetu, ukaanza kuwasimulia kwa Kihispania. Mjomba akawaka.

"We Petrona, maneno ya wazee unayavalisha shati la kuazima?"

"Heri shati la kuazima, kaka, kuliko sanda."

Akatoka nje, na tangu siku hiyo sehemu yake hakuisema tena. Nawe hukumpa mtu mwingine. Ukifika kwenye jiwe ulinyamaza, ukautazama mlango, kisha ukaendelea na watu wa mahindi, ambao ndio sisi. Mliumia wote wawili, ila vichwa vyenu vilikuwa vigumu.

Jumapili tulikuja kaburini kwako na mishumaa na uji wa mahindi. Mjukuu wako Marleny akasimulia, kwa Kihispania, maana ndicho alicho nacho. Alipofika kwenye jiwe akanyamaza, akageuka kutazama njia. Maskini, alidhani ukimya ule ni sehemu ya hadithi.

Mjomba alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Akakohoa.

"Mlinisugua uso kila alfajiri," akasema, kwa Kihispania kibovu ajabu. "Leo zamu yangu!"

Watoto wakaangua kicheko. Marleny akamkodolea macho.

"Babu, kumbe jiwe nalo linasema?"

"Linasema, mjukuu wangu. Lilikuwa limenuna tu." Akalia mbele yetu sote.

Unakumbukwa na mumeo Gaspar, wanao Macaria na Eulogio, Marleny na wajukuu wenzake, na kaka yako Baltazar.

Hatutakusahau, Mama, maadamu kuna mahindi ya kusaga.