Tuliandika "Confirmés", Sasa Tumewekewa Cyclone na Dynamite

Mpendwa Maman Rolande,

Nasoma majibu yako kwa barua za watu kila wiki, leo naomba msaada wako mimi, na naomba kwanza usicheke, ingawa mimi mwenyewe tangu juzi nacheka peke yangu ndani ya metro mpaka watu wanahama kiti. Mimi ni mama wa miaka hamsini, mzaliwa wa Bukavu, ni aide-soignante, msaidizi wa wauguzi, katika hospitali moja huku Woluwe, Ubelgiji, na Jumapili ndimi secrétaire wa parokia yetu, yaani daftari la ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara na ndoa liko mikononi mwangu, na hilo la daftari naomba ulikumbuke, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mume wangu anaitwa Hilaire. Tulifunga ndoa mwaka elfu mbili, wakati wa vita, bila voyage de noces, ile safari ya fungate, bila hata keki, na mwaka huu tunatimiza miaka ishirini na tano, kwa hiyo watoto wetu wakiongozwa na binti yetu Carine wamechanga wakatulipia siku kumi kisiwani Île Maurice, hoteli imetazama bahari, maji ya rangi ile ya kwenye kalenda, na mimi tangu siku hiyo sitembei, naelea, mgonjwa akibonyeza kengele naenda kwake nikiimba.

Sasa ndani ya zawadi hiyo kuna promenade moja, matembezi juu ya farasi, tuchague wenyewe ipi. Kwa nini farasi? Kwa sababu ya Capitaine. Hilaire aliponichumbia alinisimulia kwamba ujanani alikuwa anapanda farasi mweusi aitwaye Capitaine kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Katana, akawa anasimulia kwa mikono na miguu, mpaka nikashika mbavu, na nadhani siku hiyo ndipo nilipomkubali moyoni, hata kama nilimchelewesha miezi minne kwa heshima. Baadaye tulipofika Ubelgiji, tukashuka stesheni ya Gare du Midi na valizi moja ya nguo, tukapelekwa kituo cha wakimbizi, watoto wakilia wanataka nyumbani, Hilaire alikuwa anawapandisha mgongoni mmoja mmoja anakimbia nao koridoni akilia kama farasi, na watoto walikuwa wanalala wakicheka. Hivyo Capitaine amekua pamoja nao. Mwanzoni alikuwa anaruka mfereji, halafu akaruka mto, na mwaka jana kwenye sherehe ya komunyo ya mtoto wa jirani nilisikia kwa masikio yangu ameruka lori la bia.

Carine alipotupa bahasha alimwambia baba yake, "Papa, tulitafuta île yenye iko na ba-chevaux, juu yako. Alors utapanda tena, na sisi tutaona photo."

Hilaire akakohoa, akasema, "Bon. Cheval ni kitu ya kawaida, mutoto yangu. Unamukamata tu hivi, anajua chef ni nani."

Jumapili iliyofuata akaenda sokoni Gare du Midi akarudi na buti za ngozi zinazofika magotini, na sasa kila Jumamosi anatembea nazo sebuleni, ko, ko, ko, mpaka jirani wa chini amekwisha kugonga dari lake mara mbili, na mimi namtazama kutoka jikoni nasema moyoni, Mungu wangu, huyu mwanaume mzima mzima ni wangu?

Halafu ikafika siku ile ya barabara ya Chaussée d'Ixelles. Tulikuwa tunatafuta kofia ya jua, mara wakatokea polisi wawili juu ya farasi wao, farasi warefu, wanene, wanang'aa, nikasema, "Hilaire, tazama!" nikageuka, Hilaire hayupo. Alikuwa amejitupa ndani ya pharmacie, duka la dawa. Alikaa humo dakika ishirini, farasi wamekwisha kufika Porte de Namur huko, akatoka na shampoo ya chawa. Maman Rolande, sisi hatuna tena mtoto mdogo nyumbani, na Hilaire hana nywele.

Nikampigia simu dada yake mkubwa, Gracieuse, aliyebaki Bukavu, nikamzungusha kidogo, nikamwuliza habari za Capitaine. Akapiga kelele mpaka simu ikakwaruza. "Kumupanda? Hilaire? Weee! Alikuwaka anamupelekea maji tu, na ndoo, asubui na mangaribi! Siku moja Capitaine akamuuma kofia yake ku kichwa, Hilaire akaruka uzio ya lupango, akaacha ndoo, akaacha na viatu. Hakurudiaka tena kule, mpaka leo!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, halafu nikalia kidogo, sijui kwa nini.

Maman, ningekuwa mtu mwenye akili mambo yangeishia hapo, lakini wakati huo fomu ya watu wa farasi nilikuwa nimekwisha kuijaza na kuituma. Wana promenade tatu. Ya kwanza ni saa moja ndani ya mashamba ya miwa, mtu anatembea kwa miguu mbele yako ameshika kamba. Ya pili ni saa mbili ufukweni, polepole. Ya tatu ni saa tatu, farasi anakimbia mbio zote juu ya mchanga, kisha mnaingia naye baharini bila tandiko. Fomu ikauliza majina, ikauliza kilo (nilipunguza nane, utanisamehe), halafu ikauliza niveau, yaani kiwango: débutant, mtu anayeanza, moyen, wa katikati, au confirmé. Sasa mimi ni mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili nakaa nyuma ya meza ya parokia nikiuliza watu, baptisé? confirmé? marié?, yaani umebatizwa? una kipaimara? umeoa? Nilipoliona neno hilo moyo wangu ukafurahi, nikasema, kumbe Île Maurice ni wakristo kweli, hawataki kumpandisha mpagani juu ya mnyama wao, nikaweka alama kwenye confirmé, mara mbili, na pale pa remarques, pa maelezo, nikaongeza kwa mwandiko mzuri: "Confirmés wote wawili, mwaka 1989, na Monseigneur mwenyewe," maana askofu ndiye aliyetupa kipaimara.

Jibu limekuja juzi. "Chère Madame, bravo! Wapandaji waliobobea tangu 1989 hatuwapati kila siku. Tumewawekea promenade ya tatu na farasi wetu wawili wenye moto zaidi, Cyclone na Dynamite. Je, mwalimu wenu Monseigneur naye atakuja?" Kumbe kwao confirmé ni mpandaji hodari.

Wanasema kama tunataka kubadilisha, mwisho ni tarehe thelathini. Nikichagua ile ya kamba, Carine ataona, kwa sababu mabadiliko yote yanapita kwenye email yake, na watoto watauliza kwa nini baba yao, mtu wa Capitaine, anavutwa kama mbuzi wa sokoni. Nikinyamaza, nitarudi uwanja wa ndege wa Zaventem na mume aliyevunjika mguu, amefungwa plâtre, kama nitarudi naye. Na yeye anakula nusu sahani. Jana nimemkuta na buti zake amekaa mbele ya simu anatazama video ya namna ya kushuka kutoka juu ya farasi, Maman, si ya kupanda, ya kushuka, na aliponiona akafunga haraka, akaniambia ni habari za mpira.

Nampenda, sitaki aumie, sitaki aaibike, na bado natamani mno kupanda farasi maishani mwangu hata mara moja. Nichague promenade ipi?

Ni mimi,
Mama wa Daftari, Woluwe-Saint-Lambert

*

Mama wa Daftari,

Uliniomba nisicheke. Ombi limekataliwa. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, nacheka kwa sauti, na pale kwa Monseigneur nilitoa sauti ambayo majirani wangu waliifungulia madirisha. Asante. Wiki nzima nilikuwa nasoma barua kuhusu wanaume waliotoroka, na wewe umeniletea mwanaume aliyetoroka polisi akaangukia shampoo ya chawa.

Sasa nimefuta machozi, kaa chini nikuambie.

Kwanza, zile kilo nane zirudishe leo. Wanazihitaji ili wakupe mnyama wa kukubeba, na mgongo ni wa farasi, si wako. Pili, umefanya vibaya kumzunguka mumeo ukaenda kumpeleleza kwa dada yake, tena dada mwenye sauti ile. Mtu analala upande wako wa kushoto miaka ishirini na tano, wewe unapiga simu Bukavu kuuliza habari zake! Gracieuse mwambie afunge mdomo, na umwambie leo, maana nina hakika amekwisha kuwasimulia watu watatu.

Tatu, unaogopa Hilaire ataaibika. Mama, soma tena barua yako mwenyewe. Watoto wako wamepanda farasi kweli, koridoni, ndani ya kituo cha wakimbizi, na farasi alikuwa baba yao. Unadhani Carine, mwanamke mzima anayelipia watu ndege, anaamini kuna farasi aliyeruka lori la bia? Anajua. Ameinunua hiyo zawadi kwa sababu ya kule koridoni. Anayedhani kila mtu bado anamsubiri juu ya Capitaine ni Hilaire peke yake, na ndiyo maana anakula nusu sahani. Huyo mtu anaogopa kwamba ulimpenda kwa ajili ya farasi. Wewe unajua ulimpenda kwa sababu alikuchekesha, umeniandikia mimi nisiyekujua, yeye hujamwambia.

Sasa sikiliza, nitakufundisha kazi unayoijua kuliko mimi. Ukitaka kumwinua mgonjwa mzito kitandani unafanya nini? Humvuti ghafla. Unamfunika shuka vizuri, unamwambia unachotaka kufanya, halafu wewe ndiye unayeinama kwanza. Fanya hivyohivyo nyumbani. Jumamosi hii, akiwa na buti zake, ko, ko, ko, mwite jikoni, mpe chai, umsomee ile fomu yako neno kwa neno. Confirmés. Mwaka 1989. Monseigneur. Msomee na jibu lao, kwa sauti, na umwambie, "Hilaire, nimetuua." Kisha cheka wewe kwanza, ujicheke wewe mwenyewe mpaka aone kwamba katika nyumba hiyo mjinga wa wiki ni mke wake.

Usimtaje Gracieuse. Usitaje pharmacie. Mkimaliza kucheka, mwulize swali moja tu: "Capitaine alikuwa anakunywa ndoo ngapi kwa siku?" Halafu nyamaza, mama. Najua ninyi watu wa Bukavu kunyamaza ni shida, lakini nyamaza, mimina chai. Hilo swali analiweza. Miaka yote hii watu wamemwuliza mambo ya kuruka, hakuna aliyemwuliza mambo ya maji. Akitaka kuingia mlango huo, ataingia mwenyewe. Asipoingia Jumamosi hii, usimsukume, ataingia nyingine.

Kuhusu Carine, shida yako imekwisha kujitatua na wewe huoni. Unahitaji sababu ya kubadilisha promenade bila kumgusa Hilaire, kweli? Unayo, na ni ya kweli tupu. "Mama amekosea fomu." Basi. Itabidi umweleze kosa lenyewe, yeye atawaeleza ndugu zake, na kufikia Jumapili parokia nzima itakuwa inakuuliza kama Monseigneur bado anafundisha mbio. Pokea. Secrétaire mkubwa wewe, daftari lako limenyooka miaka kumi na miwili, utachekwa mwezi mmoja na hutakufa. Hilaire amebeba kicheko cha nyumba hiyo peke yake miaka ishirini na tano, sasa ni zamu yako kubeba.

Umeuliza ipi. Ya kwanza. Ile ya kamba, ndani ya miwa, saa moja. Usiniletee habari za ile ya pili, polepole ufukweni, maana polepole ya farasi huijui, na mchanga unaonekana laini kwenye kalenda tu. Kamba si aibu. Sisi sote tulioshuka Gare du Midi tulishikwa mkono na mtu siku ya kwanza, kuonyeshwa tram, kuonyeshwa ofisi ya commune, na leo tunatembea wenyewe. Mkipenda, mtarudia ile ya pili mkitimiza miaka thelathini. Ile ya tatu waachieni waliochanganyikiwa. Na buti avae, tafadhali, zote mbili, mpaka magotini. Buti hazikumdanganya mtu, na ile photo Carine anaisubiri.

Andika kwa wale watu kabla ya tarehe thelathini. Weka alama kwenye débutant, mara mbili, kilo za kweli, na pale pa remarques acha Monseigneur apumzike. Andika hivi tu: "Tumekosea neno. Ni débutants wawili, wana miaka ishirini na tano ya ndoa. Mtupe farasi wazee, na mtuandalie ndoo moja ya maji."

Mkifika huko usikimbilie kupanda, hata kama moyo unarukaruka. Simama pembeni na kofia yako ya jua, umpe Hilaire ile ndoo, umwache amnyweshe farasi wake kwanza. Kazi hiyo anaijua.

Maman Rolande