Namba Uliyompa Daktari

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, lakini usidhani nimekuja kwa upole. Nina hasira na wewe. Nimekaa nayo tangu tulipokuzika kule nyumbani Tlawi, miaka mitatu sasa, na huku Korogwe kwenye mashamba ya mkonge sina wa kumwambia.

Watu walisimama msibani wakasema mzee huyu alikuwa mvumilivu. Katekista naye akasema. Mimi nilinyamaza. Nilijua kilichokuua: vile vidonge vya maumivu ulivyokuwa unameza kama karanga, mpaka tumbo likachimbika ukatapika damu. Na nilijua kwa nini ulivimeza. Ulikuwa unamficha daktari ugonjwa aliokuwa anautafuta.

Yule dada daktari, mgeni kutoka pwani, alitueleza vizuri nikiwa nimekaa pembeni yako. Magamba ya viwikoni na vidole vilivyovimba ni ugonjwa mmoja, kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Akasema hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuonyesha umekuwa mkali kiasi gani. Lazima abonyeze viungo kimoja kimoja, ahesabu vinavyouma na vilivyovimba, aangalie ngozi na kucha, halafu wewe mwenyewe useme, kuanzia sifuri mpaka kumi, unaumia kiasi gani. Kwa hesabu hiyo ndipo aongeze dawa au aiache ilivyo.

Lakini wewe ulijiandaa kama unakwenda harusini. Vidonge viwili jana yake, viwili asubuhi. Mama akakusugua magamba kwa maji ya moto, akakupaka mafuta ya kondoo mpaka ngozi ikang'aa. Koti la kanisani nilikufunga vifungo mimi, kwa kuwa vidole vyako havikukunjika. Ulisema, "Siwezi kwenda kwa mtoto wa watu nikiwa nimechakaa." Kwetu ndivyo tulivyo, mtu hapeleki uchafu wake mbele za watu. Ukafika, akakubonyeza, nawe ukamtania: "Unanibonyeza kama mahindi mabichi, unatafuta la kuchoma?" Akacheka. Alipouliza namba, ukasema mbili. Akakutazama. "Mzee, mbili kweli?"

"Mbili, binti yangu. Tena hiyo moja nimeongeza kwa heshima yako."

Asubuhi ile ile Mama alikunywesha uji kwa kijiko.

Daktari akaandika kwamba ugonjwa umetulia, na dawa yako ya mara moja kwa wiki ikabaki pale pale. Tulipotoka ulitembea kifua mbele kama umemwangusha mtu kwenye mieleka. Ikawa hivyo kila kliniki, na kila mara mimi nilikuwa kwenye kile kiti, nimefunga mdomo. Sehemu hiyo ya kosa ni yangu, naichukua. Lakini ningesemaje mbele yako? Mara moja tu nilikohoa, na njiani ukaniambia, "Wewe darasa la sita, usinisahihishe." Ni wewe uliyenitoa darasa la sita, Baba, nishike plau uliposhindwa kuishika. Uliumwa kiasi cha kuninyima shule, lakini si kiasi cha kumwambia daktari.

Sasa sikiliza. Ugonjwa umenipata mimi. Ulianza kwenye kidole cha mguu, kikavimba chote kama ndizi, kisha ukaja mikononi. Kucha zangu zina vitobo kama zako. Asubuhi siwezi kushika kisu cha mkonge mpaka jua lipande. Nilipokwenda hospitali ya huku nilimeza vidonge kwanza, eti nisionekane mzembe. Daktari akanibonyeza, akauliza namba. Nikasema mbili.

Ilikuwa sauti yako, imetoka kinywani mwangu, na pale nilikuchukia, Baba. Nakuambia wazi. Nilitoka, nikafika getini, nikarudi. Nikamwambia, "Nimekudanganya, nimemeza dawa." Hakunigombeza. Alisema nirudi baada ya siku tatu bila kumeza kidonge.

Nilirudi shati wazi, magamba nje. Kila alipobonyeza niliruka. Viungo kumi na vinne vinauma, tisa vimevimba. Nikasema nane. Niliitamka kama mtu anayevuliwa nguo barabarani. Akanianzishia dawa. Nyapara amenitoa kwenye kukata, siku hizi naanika nyuzi pamoja na akina mama, na wanaume wenzangu wananiita bibi harusi. Waache waniite. Mwezi huu nimeanza kukunja ngumi.

Ningeweza kuishia hapo nikakuacha upumzike. Lakini juzi Safari alinipigia simu, mdogo wangu huyo anayelima shamba lako sasa. Kisigino kinamuuma hawezi kukanyaga, na nyuma ya masikio ngozi inabanduka. Amekwenda kumwambia Mama, na Mama amemjibu avumilie kama baba yake.

Kwa hiyo nakuaga kwa ahadi hii. Nikipewa ruhusa nitapanda Tlawi, na kabla sijafika kaburini kwako nitakaa na Mama na Safari, niwaambie ulikufa kwa nini. Sifa yako itavunjika, na mkono utakaoivunja ni wangu. Mama atalia, na huenda asinipikie. Kesho yake nitampeleka Safari kliniki bila kidonge tumboni, nikae karibu naye, na akimpunguzia daktari namba hata kidogo, nitasema mimi.

Lala, Baba. Mimi ulinipata nusu. Safari hutampata.

Mwanao wa kwanza