Kipimo cha Bega Lako

Mke wangu Chausiku,

Nakusalimu, na najua hutajibu. Nimekaa kizingitini, mtoto amelala mgongoni mwangu, karatasi nimeitandaza juu ya jamvi uliloliacha nusu. Sijalimaliza. Kila nikiona mahali ukili wako ulipokomea, naliweka chini tena. Herufi zangu hizi, nilizozipata utotoni kwa kumbebea mtoto wa bwana ubao wa chuoni, ulikuwa ukizicheka, ukisema naandika kama kuku anavyoparua. Nicheke leo, Chausiku. Ningetoa kila nilicho nacho nikusikie ukinicheka.

Sasa hata hicho nilicho nacho hakipo. Lundo letu la nguo za merikani haliko tena uchagani. Usiniudhikie kabla hujanisikiliza.

Unakumbuka siku bwana alipokubali ujikomboe utumwani, akataja majora kumi na mawili ya merikani? Mimi nililia. Jora moja tu lilikuwa linatutoa jasho miezi na miezi: mimi kufunga marobota ya misafara kwa yule Mhindi wa Dunda, wewe kusuka majamvi ya kuyafungia, ujira tunalipwa nguo, na nusu ya ujira inakwenda kwa bwana. Tulikubaliana wewe utangulie, kwa sababu mtoto hufuata mama, na sisi tulitaka mtoto asiyekuwa wa mtu. Mimi ningefuata baadaye, Mungu akipenda. Wewe hukulia. Ulichukua jora letu la kwanza ukaliweka chini, ukasimama kando yake, ukasema nyayo zako zimeshakombolewa.

Tangu hapo ikawa ndiyo hesabu yetu. Ijumaa baada ya sala tunayashusha majora, tunayapanga moja juu ya jingine, nawe unajinyoosha kando yake nikupime. Kifundo cha mguu. Ugoko. Goti. La kumi na mbili lingefika begani. Nilikuuliza, na kichwa je? Ukaniambia, "Kichwa changu hakijanunuliwa na mtu. Hakina haja ya kukombolewa."

Basi lundo lilipopita goti ukaanza ujeuri. Bi Zuwena, binti wa bwana, akikutuma kisimani, unakwenda, lakini ukinipita unaninong'oneza kwamba miguu hii ni yako, leo umewaazima tu. Nilikuwa nauma midomo nisicheke mbele za watu. Kutwa nzima nashika merikani mpya ya wenyewe, naikunja, naipiga magongo ikaze, halafu narudi nyumbani na kikoi cha viraka kukuta mchicha wa jana. Wala sikuona taabu. Idd ile nilipotaka tutoe doti moja nikakununulie kanga ya kisutu, ulikasirika kweli. "Ukikata hapo," ulisema, "utakuwa umenikata goti." Ukaenda kuswali Idd na kaniki yako iliyochujuka, na mimi nikaona hakuna mwanamke aliyependeza kukushinda.

Lundo lilikuwa limefika chini ya kwapa uchungu wa uzazi ulipokushika. Yalibaki majora mawili, mke wangu. Mawili tu.

Mkunga alitoka na mtoto, akanipa, kisha akakaa chini bila kunitazama. Nikajua. Niliingia nikakuta mkono wako bado una joto.

Bwana hakufanya ubaya siku ile, nisimsingizie. Alileta nguo ya sanda kama inavyompasa, bafta nyepesi. Nikamshukuru, nikamwambia marehemu anayo nguo yake. Nikalishusha lundo. Nilikata mwenyewe nguo tano, na mikono hii inayopima merikani tangu ujana ilikata upande, ikabidi nikate tena. Uliniambia nisikukate goti, nami nikakukata mbavu. Nisamehe. Nilitaka katika maisha yako yote upate walau siku moja ya kuvaa kilicho chako.

Kisha yakaja ya mtoto. Ulikufa hujafika begani, kwa hiyo mtoto ni wa nyumba ya bwana. Tena Bi Zuwena anaolewa Unguja, akasema mtoto akiacha ziwa atakwenda naye, na jina ameshampa, Zawadi. Mimi sikumwita jina hilo hata siku moja.

Mabruki, yule ninayefunga naye marobota, alinishauri kwa mapenzi. Alisema lundo lililobaki linakaribia bei yangu mimi. Nijikomboe, ujira wangu wote uwe wangu, hakuna nusu ya bwana, na kabla mtoto hajaachishwa nitakuwa nimepata bei yake. Ukiihesabu ile hesabu haina kasoro. Nililala nayo siku nyingi. Niseme kweli, nilishakata shauri la kumfuata Mabruki.

Ijumaa ile sikuwa na wa kumpima, lakini mikono ilikuwa imezoea, nikayashusha majora nikayapanga. Jirani yetu Bi Mgeni, anayemnyonyesha pamoja na wake, akaniletea mtoto. Sijui kilichonituma. Nilimshika makwapani nikamsimamisha kando ya lundo, vile ulivyokuwa ukisimama wewe. Akapotea, Chausiku. Nyayo, goti, bega, mpaka utosi, lundo limempita na bado linakwenda juu. Kwa kipimo chako mwanao alikuwa ameshakombolewa, na ziada amebakiza, na mimi baba yake nilikuwa nataka kumwacha mikononi mwa watu ili nianze na nyayo zangu. Nikakaa chini nikalia kama ndiyo kwanza nakuzika.

Nilimpelekea bwana lote, mzigo kichwani. Alishangaa. "Nguo zote hizi kwa mtoto mchanga?" alisema. "Feruzi, msiba umekuharibu akili."

Nikamjibu, "Ni kipimo cha mama yake, bwana."

Hakuelewa. Lakini alizipokea zote, asirudishe hata shuka moja, akamwita mwalimu aandike karatasi ya uhuru wa mtoto, mashahidi wakatia mikono. Niliisoma mwenyewe, neno kwa neno. Nilipoulizwa jina la mtoto nilisema Chausiku. Bi Zuwena amenuna, na anune.

Mabruki haongei nami vizuri tangu siku hiyo. Labda ana haki. Mimi bado ni wa bwana, sina lundo, na jioni nikirudi nyumba iko kimya mpaka naogopa kuingia. Juzi nimelipwa, bwana kachukua nusu yake, nikabaki na doti moja. Niliikunja nikaiweka chini, nikasimama kando yake. Haifiki hata ukucha. Nikageuka nikuambie, unicheke.

Nakuahidi mambo mawili. Jamvi lako nitalimaliza, atalilalia mwanao. Na akiweza kusimama nitamfundisha hesabu yetu, kila Ijumaa aweke kiganja juu ya lundo aniambie baba amefika wapi. Akiniuliza habari ya kichwa, nitamjibu ulivyonijibu.

Ameamka, anatafuta ziwa. Nampeleka kwa Bi Mgeni.

Lala, mke wangu. Umevaa cha kwako.

Mumeo,
Feruzi