Nimeng'oa Mlango wa Chumba cha Binti Yangu

Mama Mshauri, shikamoo, na unisamehe kwa karatasi yenye vumbi la mbao, naandika nikiwa karakanani kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kukaa bila mtu kuniuliza nina nini, na haya sijamwambia mtu yeyote.

Mimi ni seremala, karakana yangu imeungana na nyumba, ukuta mmoja tu unaitenga na chumba cha binti yangu wa miaka kumi na sita, ambaye tangu utotoni tunamwita Chiriku kwa kuwa alikuwa haishiwi maneno, akitoka shule anakuja moja kwa moja kunisaidia kupiga msasa huku akibishana na wateja, kuna mzee mmoja aliwahi kuniletea kiti kisicho na kasoro yoyote ili mradi tu aje wataniane, na sasa huu ni mwezi wa tano mtoto huyo hasemi. Alianza kwa kusema amechoka, tukadhani ni masomo, kisha akaacha kula nasi, akaacha kuchana nywele, walimu wakatuita kwamba analala darasani, rafiki zake wakija anataka tuseme hayupo, akirudi anajifungia chumbani, na ukimuuliza una nini anasema sina kitu. Dada yangu alipokuja kututembelea alisema, "Huyo anadeka tu. Ninyi mmemlea kama yai." Nami, Mama, nikakubali, maana ni rahisi kumkanya mvivu kuliko kumtibu mtu asiyeonyesha jeraha.

Basi wiki tatu zilizopita nilimgongea, hakujibu, nikagonga tena, akasema, "Niache, Baba," na mimi nilikuwa na bisibisi mkononi, hapo ndipo nilipokosea, maana baba mwingine angefoka mpaka achoke aondoke, lakini mimi ni fundi, nikangoja atoke kwenda kuoga, nikafungua bawaba zote tatu, nikaubeba mlango hadi karakanani na kuuegemeza ukutani. Wateja wakawa wanauliza mlango huu mzuri ni wa nani, nami nikawajibu, "Huo uko kifungoni, mwenyewe aliufunga mno," wakacheka, nikacheka nao, na ukuta ule ni mwembamba.

Nilidhani tukipita tukimwona atachangamka, badala yake analala akigeukia ukutani kutwa. Jumamosi mchana nikapita nikakuta kitanda kitupu, nikaita, nikasikia kitu kinagonga ndani ya kabati, kabati nililomtengenezea mimi mwenyewe alipotimiza miaka kumi. Nikafungua. Alikuwa amekunja magoti katikati ya sare zake za shule.

"Unafanya nini humo?"

"Nimepata mlango, Baba."

Nikamwambia atoke akale, nikaondoka.

Jana, walipokuwa wakianua nguo, alimwambia mama yake, "Mama, natamani nilale nisiamke." Mke wangu alikuja kunieleza akiwa bado ameikumbatia shuka. Sasa mlango uko hapa mbele yangu, nikiurudisha naogopa atakalolifanya nyuma yake, nisipourudisha naona ninavyomuumiza, mashine nimeizima tangu asubuhi ili nimsikie akijigeuza kitandani, na kazi za watu zimelala. Nifanye nini? Namba yangu ya simu nimeiandika hapo chini.

Seremala

*

Seremala, marahaba.

Barua yako ilinifikia Jumanne saa nne asubuhi, na saa nne na robo nilikuwa nimeshakupigia simu, kwa sababu mtoto anayetamani asiamke hangoji zamu yake gazetini. Wiki sita zimepita. Niliyokuambia siku ile nayaandika hapa kwa ruhusa yako na, lililo muhimu zaidi, kwa ruhusa yake.

Acha nikukemee kwanza ili tumalize. Umesema ni rahisi kumkanya mvivu kuliko kumtibu mtu asiyeonyesha jeraha. Sentensi hiyo ni nzuri. Ungeiandika kabla ya kushika bisibisi. Binti asiyeishiwa maneno akinyamaza miezi mitano, asile, asijitunze, akimbie hata rafiki zake, huyo hadeki. Ana sonona, huzuni nzito isiyoondoka, na daktari amekwisha kukuthibitishia hivyo. Ni ugonjwa, unatibika, wala haumtoki mtu kwa kuaibishwa. Wewe ulimnyang'anya mahali pa kulilia, kisha ukautumia mlango wake kuwachekesha wateja. Kwa hilo utamwomba radhi kwa maneno kamili, "Nimekosa, nisamehe," na neno "lakini" lisifuate. Dada yako naye mwambie nimesema hivi: yai halilelewi, linaatamiwa, na kuatamia ni kukaa karibu.

Sasa usijichape kupita kiasi, maana utamfanya mgonjwa aanze kumuuguza baba yake. Soma tena aliyokuambia kabatini. Alikujibu. Alikuita Baba, akakueleza ukweli mtupu kwa maneno matatu, na ndani yake mlikuwa na chembe ya utani ule wa zamani. Sisemi hatari ilikuwa imepita; nasema alikuwa bado anaongea nawe. Hukutakiwa kumpeleka mezani. Ulitakiwa kuketi sakafuni mbele ya kabati na kunyamaza naye mpaka atakapotaka kutoka.

Nilikuagiza umuulize siku ileile, wewe na mama yake, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Unafikiria kujiua?" Uliguna kwenye simu, ukasema, "Mama, si nitamtia wazo?" Wazazi wengine wanaosoma hapa wanawaza hivyohivyo, kwa hiyo nawajibu wote. Hapana. Swali hilo halipandi wazo. Linamtua mtoto mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Akisema ndiyo, haachwi peke yake hata kwa dakika tano, na safari ya hospitali ni saa hiyohiyo, si baada ya kumaliza kitanda cha mteja. Ulimuuliza. Alisema ndiyo. Saa saba mchana mlikuwa mbele ya daktari. Ulisema kwamba njiani aliegemeza kichwa begani mwa mama yake akalala usingizi. Hapo ulifanya kazi ya baba, na sina la kusahihisha.

Kuhusu mlango, uliniuliza urudi au usirudi. Urudi, siku daktari atakayoridhia, tena kwa masharti. Kitasa chenye ufunguo na komeo viondoke. Bawaba uzigeuze ili mlango ufunguke kwa nje, asiweze kuuzuia kwa kitanda. Unabisha hodi, unangoja, usipojibiwa unaingia. Na makubaliano hayo ayasikie mapema, ayakubali kwa kinywa chake. Mlango si zawadi ya kuchangamka wala adhabu ya kununa. Ni haki yake, na kuingia anapokuwa hatarini ni wajibu wako. Dawa ya mchwa, vanishi, patasi na vidonge vyote vya nyumbani vikae chini ya kufuli, ufunguo mfukoni mwako, hata kama mafundi wenzako watakucheka.

Na washa mashine. Mtu mzima mmoja awe naye, mpokezane, lakini zamu yako ya kazi ikifika, fanya kazi. Nyumba iliyonyamaza kama ya msiba humwambia mgonjwa kwamba mmeshamlilia.

Ijumaa iliyopita ulinipigia kunieleza. Ulikuwa unaupachika mlango kwa idhini ya daktari, hukumwita, naye akatoka kitandani mwenyewe, akaja akaushikilia ulipokuwa unakaza skrubu. Ulipomaliza akautazama, akasema, "Baba, bawaba ya chini umeipinda. Na wewe unajiita fundi?" Ulilia kwenye simu, nami nilikuacha ulie.

Lakini usinichinjie ng'ombe bado. Kesho yake alilala kutwa tena, na wewe ukanipigia kwa sauti ya mtu aliyepoteza kila kitu. Hukupoteza kitu. Ugonjwa huu hupanda na kushuka, na siku mbaya baada ya siku nzuri haifuti ile nzuri. Kliniki ya kila Alhamisi msiikose, hata akiwa ameamka anacheka, na hasa akiwa ameamka anacheka, msimwambie, "Unaona? Umepona." Dawa alizoandikiwa, mama yake azitunze na kumpa kwa wakati. Shuleni nenda wewe mwenyewe, ukazungumze na mwalimu wake wa darasa. Karakanani mwachie kipande cha msasa kwenye benchi lake, bila neno. Akikigusa, vizuri. Asipokigusa, kesho kiwe palepale.

Na ile bawaba, usiinyooshe. Iache hivyo hivyo ilivyopinda. Itafika siku atakayoshindwa kuivumilia. Siku hiyo mpe yeye bisibisi, nawe ushike mlango.